Kidonge cha Saa Mbili na Gego la Kushoto

Alhamisi, 22 Februari 2024, Tanga

Gego la chini kushoto, lile la mwisho kabisa, limeniamsha saa kumi alfajiri. Lilivunjika Desemba kwa mwiba wa samaki nikalipuuza, na sasa linapwita mpaka sikioni. Nimefundisha vipindi vitatu vya Kidato cha Pili nimeshika shavu. Mafuta ya karafuu yametuliza kwa saa moja, kisha maumivu yakarudi na deni lake.

Jioni nikapita duka la dawa Ngamiani. Kijana akanitolea diklofenaki. Hapo nilikuwa macho, nikamwambia natumia wafarini, dawa hiyo kwangu ni mwiko, itanitoboa tumbo nivuje damu. Akairudisha, akanipa metronidazo. "Hii ni ya usaha tu, mama, haina tabu." Nikainunua. Nimemeza ya kwanza baada ya chakula, na saa mbili usiku nimemeza wafarini yangu kama kila siku tangu 2017.

Jumamosi, 24 Februari

Jana nilikwenda kwa daktari wa meno, kliniki ya binafsi iliyo karibu na shule. Akatazama, akagonga jino kwa kile chuma chake, nikaruka. Jino halifai kuzibwa, ling'olewe. Nilipomwambia nina valvu ya chuma moyoni na natumia wafarini, akarudi nyuma kidogo kwenye kiti. "Acha wafarini siku tano, halafu uje." Nikasema sawa, daktari. Sikuuliza neno jingine. Mimi ninayewaambia watoto kila siku kwamba asiyeuliza hana ajifunzalo.

Nilipomwamkia Shangazi na kumweleza, naye akaunga mkono. "Mwanangu, damu yako imekuwa maji kwa hivyo vidonge. Waking'oa itakatikaje? Acha hizo siku tano, Mungu yupo."

Usiku sikulala. Nyumba ikinyamaza nasikia valvu yangu, tik, tik, tik. Mwanangu akiwa mdogo aliiita saa ya Mama. Mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa ndiyo yaliyonila valvu ya kushoto, nikaja kufunguliwa kifua Dar es Salaam nikiwa na miaka 34. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliniketisha akanishika mikono yote miwili. Chuma hiki, akasema, damu haikijui. Damu ikigusa kitu isichokijua hutaka kuganda. Wafarini ndiyo inayoizuia isigande juu yake. Siku utakayoiacha, hutahisi chochote, na hiyo ndiyo hatari yake.

Nimekesha nikimfikiria Dada wa kitanda cha pili.

Jumapili, 25 Februari

Nimwandike hapa, maana bila yeye huenda kesho nisingekwenda kliniki ya moyo. Ningefuata tu agizo la siku tano.

Tulilazwa wodi moja, vitanda vimepakana, tukafanyiwa upasuaji juma moja. Yeye ni wa Muheza, mimi wa Tanga, tukawa ndugu. Alikuwa fundi cherehani, akinishonea magauni mpaka 2019. Mwaka huo magego mawili yalimsumbua. Aliambiwa na mtu mwenye koti jeupe (sitaandika wapi) aache wafarini kwanza. Akaacha. Miadi ikaahirishwa kwa sababu mtaalamu alisafiri, naye hakuambiwa arudie dawa, akaendelea kungoja. Siku ya kumi na moja alikuwa akikata kitambaa, mkasi ukamdondoka. Akataka kumwita binti yake, ulimi ukakataa. Donge la damu lililofanyika kwenye valvu lilikuwa limepanda ubongoni.

Mkono wake wa kulia haujarudi. Anakula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto. Cherehani ameiuza.

Magego yenyewe yaling'olewa baadaye, akiwa anatumia wafarini, na damu ikakatika.

Jumatatu, 26 Februari

Nimeomba ruhusa shuleni, nikafika kliniki ya moyo saa moja na nusu asubuhi. Kwenye benchi tulikuwa watatu wa meno, jambo lililonishangaza. Mzee mmoja mapigo yake ya moyo hayana mpangilio, anatumia rivaroksabani, moja ya dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mwezi. Yeye ameambiwa asubuhi ya kung'oa acheleweshe tu kidonge, akimeze baadaye damu ikishatulia. Mama mwingine amewekewa kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo miezi minne iliyopita, anatumia aspirini na klopidogreli. Ameambiwa asiguse hata kimoja, jino ling'olewe hivyo hivyo. Nikauliza kama mimi naweza kubadilishiwa nipewe ile ya mzee. Nesi akatikisa kichwa. Dawa hizo mpya si za valvu za chuma. Moja yao, dabigatrani, ilijaribiwa kwa watu wenye valvu kama yangu, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa walipata madonge zaidi na kutokwa damu zaidi. Kwetu sisi ni wafarini tu.

Watu watatu, benchi moja, maagizo matatu. Na wote sokoni tutasema tunatumia "dawa ya damu".

Kisha kipimo changu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Damu ya mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi, kwa valvu yangu, natakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Leo imetoka 4.8.

Daktari hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja: "Umekunywa dawa gani mpya?" Nikatoa pakiti ya metronidazo mkobani. Akaiweka mezani, akaniambia nisikilize vizuri. Ini ndilo linaloivunja wafarini na kuiondoa mwilini. Metronidazo inalizuia ini lisifanye kazi hiyo, basi wafarini inarundikana, na kidonge kimoja kinafanya kazi ya kimoja na nusu au zaidi. Akanitajia nyingine za aina hiyo: flukonazo ya fangasi, hata ile jeli ya fangasi ya mdomoni inayoitwa mikonazo, septrini, sipro, erithromisini. Siku nne tu, nami nilikuwa nimepandishwa kutoka 3 hadi karibu 5 bila kuhisi lolote. Nilikuwa nimeogopa diklofenaki nikaingia kwa metronidazo. Kijana wa duka hakujua, nami sikuuliza.

Ameisimamisha metronidazo. Ameniambia niruke wafarini ya usiku huu mmoja, kisha niendelee kama kawaida, nirudi kupima. Nikamuuliza: mbona wewe waniambia niruke, na yule daktari wa meno aliniambia niache? Akajibu bila kuudhika. Yeye anazuia dozi moja kwa sababu namba imezidi, ili airudishe mahali pake. Yule alitaka kuishusha mpaka chini. Na siku tano za kuacha si siku tano, akasema. Dawa hii huisha polepole, na ukiirudia hupanda polepole vilevile. Ukijumlisha unapata siku nyingi zaidi ambazo valvu yako haina mlinzi wa kutosha.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba njia nzima ndani ya bajaji. Damu ya kinywani, mwalimu, utaiona. Utaibana kwa kidole, utaishona, utaiwekea dawa. Donge la kwenye valvu hutaliona mpaka limeshakupiga.

Amempigia simu daktari wa meno wa hospitali ya rufaa nikiwa nimeketi pale pale. Wamekubaliana: Jumanne, 5 Machi, asubuhi. INR ipimwe Jumatatu, ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa. Ikiwa chini ya 4, jino linatoka na dawa haiachwi. Ikizidi, tunaahirisha. Nimetaka iishe kabla ya Ramadhani, nao wameona inawezekana.

Amenipa barua. Nimeisoma mara tatu.

Jumatano, 28 Februari

Jirani amekuja kuniangalia. Kasikia kwamba dawa ninayotumia ndiyo sumu ya panya, ana hofu juu yangu kwa dhati. Nikamwambia amesikia kweli, na nikamsimulia, maana kisa chenyewe nilikisoma zamani nikiwa bado nauguza kidonda cha kifua.

Miaka ya 1920, kaskazini ya Marekani na Kanada, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Ng'ombe akikatwa pembe au kuhasiwa, damu haikatiki, anakufa. Frank Schofield, daktari wa mifugo wa Ontario, akagundua kwamba wamelishwa majani ya malisho yaliyooza kwa ukungu. Miaka ikapita, mwanakemia Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake wakaipata kemikali iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Kutokana nayo ikatengenezwa wafarini. Silabi ya mwanzo ya jina, warf, ni herufi za taasisi ya chuo hicho iliyolipia utafiti. Mwaka 1948 ikatoka kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani, aliyepata shambulio la moyo, alipewa.

Jirani akauliza: sasa panya anakufa, wewe huji kufa? Kipimo, nikamwambia. Panya hana wa kumpima INR.

Hata jina tunaloiita linatupotosha. Tunasema dawa ya kuyeyusha damu, dawa ya kufanya damu nyepesi. Haiyeyushi kitu na haimwongezi mtu maji. Damu yangu ni nzito sawasawa na ya jirani yangu. Inachofanya wafarini ni kulinyima ini vitamini K linayohitaji kutengenezea vigandishi, basi damu huchelewa kuganda. Huchelewa, haiachi. Laiti tungeiita dawa ya kuchelewesha mgando, Shangazi asingeniambia damu yangu imekuwa maji. Nafundisha lugha, najua neno baya linavyoweza kumuua mtu.

Ijumaa, 1 Machi

Maumivu yamepungua, sijui kwa nini, labda usaha umepata njia. Panadol mbili tu leo.

Kisamvu. Dada yangu mkubwa ameleta sufuria zima la kisamvu cha nazi, naye anajua ninavyokipenda. Nimekula kiasi kile kile ninachokula Ijumaa zote. Wengi wetu wa wafarini tumeambiwa na watu tusiguse mboga za majani, na nimewaona waliokonda kwa kuogopa mchicha. Kliniki haikuwahi kuniambia hivyo. Iliniambia nisibadilike: mboga zenye vitamini K nyingi nile kwa kiasi kile kile wiki kwa wiki, na dozi itapangwa kufuata sahani yangu. Atakayeacha matembele mwezi mzima kisha ayarudie kwa pupa, huyo ndiye atakayeiyumbisha INR.

Wiki hii, hasa, sibadilishi chochote.

Jumatatu, 4 Machi

3.1.

Nimeiandika kwenye kitabu changu cha kliniki na pia nyuma ya kiganja.

Jumanne, 5 Machi, usiku

Nimechagua kuandika yote leo kabla sijasahau mpangilio.

Saa mbili asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, vidonge vinne vya amoksilini vya miligramu 500 kwa mpigo mmoja, gramu 2. Hiyo si kwa ajili ya jino. Ni kwa sababu kung'oa jino kunaingiza bakteria wa kinywani kwenye damu, na bakteria hao hupenda kwenda kukaa kwenye valvu bandia. Saa tatu kasoro nilikuwa kwenye kiti.

Daktari huyu ni mwanamke wa makamo, mpole, mikono haina haraka. Aliniuliza INR yangu kabla sijamwonyesha kitabu. Kwa nini Jumanne, kwa nini asubuhi? Kwa sababu mgonjwa kama mimi akianza kuvuja usiku au kesho yake, awakute wenye ujuzi kazini, si Jumamosi usiku akutane na mlango. Wakati ganzi ikipanda alinisimulia kwamba ule woga wa kung'oa mtu akiwa kwenye dawa umejadiliwa muda mrefu. Mwaka 1998 daktari wa meno wa Marekani, Michael Wahl, alikusanya taarifa zilizokuwa zimechapishwa. Kati ya watu karibu 500 walioachishwa dawa kwa ajili ya meno, watano walipata madonge mabaya, na wanne kati yao walikufa. Waliobaki kwenye dawa, zaidi ya 98 katika kila 100 hawakupata shida kubwa ya damu. "Mimi kwa hiyo simwachishi mtu," akasema. "Namshona."

Sindano ya ganzi aliichoma polepole, na kabla ya kusukuma dawa alivuta kwanza bomba kuona kama hakugusa mshipa. Jino moja tu, hakutaka kugusa jirani yake lenye tundu dogo. Alilitikisa, halikutoka kwa nguvu bali kwa subira, mizizi miwili mizima. Kisha ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hapo sikupata kuona daktari wa meno akishughulika hivyo. Alisafisha shimo, akatia sponji ndogo ambayo mwili utainyonya wenyewe, akavuta fizi pande mbili, akashona nyuzi mbili. Juu akaweka shashi iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia donge lililokwisha kufanyika lisiyeyuke. Ng'ata. Nusu saa kwa saa ya ukutani. Usifungue kuchungulia.

Alipofungua, shimo lilikuwa limejaa donge jeusi, zuri. Nilikaa tena saa nzima kwenye benchi nikitazamwa, ndipo akaniruhusu.

Maagizo: leo nisisukutue, nisiteme kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, chai ipoe, uji upoe. Panadol ndiyo, aspirini na jamii ya diklofenaki hapana. Nikivuja, nikunje kitambaa safi chenye unyevu, ning'ate dakika 20 nimeketi wima. Damu isipokata, nije, iwe saa ngapi.

Na wafarini? "Saa mbili, kama siku zote."

Saa tano usiku nimeamka, mto una doa la waridi. Moyo ukaenda mbio, nikaisikia valvu ikikimbia nao. Mate kinywani yalikuwa na ladha ya chuma. Nilikumbuka kwamba mate mengi yenye damu kidogo huonekana damu tupu. Nikakunja kitambaa, nikaketi kwenye kiti cha Marehemu Baba, nikang'ata, macho kwenye saa. Nilipokitoa kilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Imekata.

Nimebana kwa meno yangu mwenyewe, ikakata.

Alhamisi, 7 Machi

Uvimbe kiasi. Traneksamiki nasukutua mara nne kwa siku: kidonge kimoja kinasagwa na kuyeyushwa kwenye mililita 10 za maji, nakaa nayo mdomoni dakika mbili, kisha naiachia idondoke, simezi. Maji ya chumvi vuguvugu baada ya chakula. Nimerudi darasani. Watoto wameniletea ndizi mbivu kwa kuwa wameambiwa mwalimu hatafuni.

Ijumaa, 8 Machi

INR 2.9. Daktari wa moyo ametaka ipimwe mapema kwa sababu wiki hii nimekula kidogo na nimekunywa antibayotiki, japo ya mara moja. Ameridhika.

Nimerudi pia ile kliniki ya kwanza, karibu na shule. Nilikaa nje kidogo nikipanga maneno, sikutaka kumwaibisha kijana wa watu. Nilimwonyesha barua ya kliniki ya moyo na namba zangu. Aliisoma yote. Akaniambia alifundishwa hivyo na aliyemtangulia, na mgonjwa wake mmoja aliwahi kuvuja usiku kucha, tangu hapo anaogopa. Nikamwelewa. Nikamwomba jambo moja, kwamba kabla ya kumwambia yeyote aache, apige simu kwanza kwa waliompa dawa. Ameandika namba ya kliniki ukutani.

Pale duka la dawa Ngamiani kijana hakuwepo. Nitarudi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika kikaratasi, nimekitia plastiki, kiko kwenye pochi pamoja na kitambulisho:

"Nina valvu ya chuma. Natumia wafarini. Usiniachishe na usinipe dawa mpya kabla ya kuzungumza na kliniki ya moyo." Na namba ya simu chini.

Nimeandika na cha pili, kwa jina la Dada wa Muheza. Alinipigia mchana, maneno yake bado yanatoka moja moja, lakini nayaelewa yote. Ana gego la juu linamsumbua tangu Januari na hajamwambia mtu, kwa sababu amekula kiapo kwamba hataona tena kiti cha meno. Nilimsomea shajara hii, kuanzia Jumatatu ya 4.8. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Tutakwenda pamoja. INR yake itapimwa Jumatatu, miadi Jumanne asubuhi. Nimemwambia asiache kidonge hata cha usiku mmoja.